Zile manowari nne za aina ya Iowa: kweli haziwezi kufufuliwa zikarudi kazini?

#1 Mzizima_86
Wakuu, salaam. Juzi nimekesha nikisoma habari za zile manowari nne kubwa za Marekani: Iowa, New Jersey, Missouri na Wisconsin. Kila moja ina urefu wa mita 270, uzito unapita tani 57,000 ikishapakia, mizinga tisa ya milimita 406, na ubavuni imevaa deraya (bamba la chuma la kinga) ya milimita 307. Zote nne zipo mpaka leo, zimegeuzwa makumbusho. Hakuna hata moja iliyouzwa chuma chakavu.

Sasa hoja yangu. Miaka ya 1980, enzi za Rais Reagan, walizitoa usingizini zikiwa na umri wa miaka 40 hivi. New Jersey ikarudi Desemba 1982, Iowa 1984, Missouri 1986, Wisconsin 1988. Wakazifunga makombora na rada mpya, na mbili, Missouri na Wisconsin, zikaenda kupigana Ghuba mwaka 1991. Kama iliwezekana wakati ule, leo inashindikana nini? Toa mitambo kuukuu, weka mipya, panga makombora, ingiza droni. Manowari za siku hizi zina ngozi nyembamba, kombora moja tu zinateketea. Hizi zina chuma cha futi nzima. Mimi naona Wamarekani wamekalia mali. Anayesema sivyo aje na hoja nimsikilize.

#2 Kibatari
Mkuu, wewe wiki iliyopita ulikesha na habari za Concorde, wiki hii manowari. Shemeji anakuvumilia sana. Naweka kigoda hapa nisikilize wajuzi.

#3 Hesabu Hazidanganyi
Mzizima, nianze na watu, maana meli haijiendeshi. Miaka ya 1980 kila moja ya hizo ilihitaji mabaharia wapatao 1,500. Manowari ya kisasa ya Arleigh Burke inahitaji mia tatu na kitu. Kwa hiyo watu wa Iowa moja wanatosha kuendesha Arleigh Burke nne, hata tano.

Sasa tazama silaha. Iowa baada ya kufanyiwa ukarabati wote ule ilibeba makombora 32 ya Tomahawk (ya kupiga nchi kavu) na 16 ya Harpoon (ya kupiga meli). Arleigh Burke moja ina mashimo 96 ya makombora. Zidisha kwa nne tu, unapata 384. Chakula, mishahara, vitanda na mafunzo ni vilevile. Ungekuwa wewe ndiye unayetia saini bajeti, ungechagua ipi?

#4 Luteka
Hesabu, hesabu zako ni sahihi ila umehesabu kitu kimoja. Umesahau mizinga yenyewe, na mizinga ndiyo roho ya zile meli. Ganda moja la kulipua lina kilo 862, lile la kutoboa deraya lina kilo 1,225. Linaruka kilomita 38. Kwa walio Dar, ni kama kusimama bandarini ukapiga Kibaha. Na halidanganywi na mitambo ya kuvuruga mawasiliano, maana halina cha kuvurugwa: ni chuma na baruti tu.

Vita vya Ghuba 1991, Missouri na Wisconsin zilifyatua zaidi ya maganda 1,000 kwa pamoja. Pale kisiwa cha Failaka, askari wa Iraq waliiona droni ya Wisconsin ikizunguka juu yao. Walishajua kwamba droni ikija, maganda yanafuata. Wakatoa vitambaa vyeupe, wakajisalimisha kwa ndege isiyo na rubani, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla. Hiyo ndiyo kazi ya mzinga mkubwa.

Tena tazama walichojaribu baadaye. Manowari za Zumwalt zilibuniwa ziwe na mizinga ya kusaidia askari wa nchi kavu. Walipanga 32, wakaishia kujenga tatu. Ganda moja la mizinga ile likafika dola 800,000 hivi, mwaka 2016 wakaliacha. Mizinga ikakaa bila risasi.

Askari aliyelala ufukweni akiomba msaada hataki kusikia habari ya kombora la zaidi ya dola milioni moja linalosubiri kibali cha mkubwa. Nimevaa magwanda miaka 19, najua ninachosema.

#5 Mswahili wa Norfolk
Habari zenu. Mimi naishi Virginia, dakika 20 kutoka ilipofungwa Wisconsin. Nimeshaingia mara tatu, mara ya mwisho na watoto.

Niwape kitu kimoja. Pale juu kuna chumba cha kuongozea meli wakati wa mapigano, kimezungushiwa chuma pande zote. Mlango ukiwa wazi unaona unene wake kwa pembeni. Nikaweka kiwiko ukingo wa ndani, nikanyoosha mkono: ncha za vidole zikaishia ukingo wa nje. Dhiraa nzima ya chuma, wakuu. Vipimo vinasema sentimita 44. Mwanangu akagonga kwa kidole, hakuna mlio wowote, ni kama kugonga mlima.

Ila niseme ukweli, ukitembea korido za chini unapata picha nyingine. Nyaya zimepangwa kwa mafungu mazito, mabomba juu ya mabomba, milango midogo unainama kila hatua. Nilijiuliza: fundi wa leo akiambiwa apitishe mtambo mpya hapa, anaanzia wapi?

#6 Mzizima_86
Dhiraa nzima! Asante Norfolk. Sasa wanaosema kombora litaizamisha waniambie linapitia wapi.

#7 Mwalimu wa Fizikia
Linapitia juu, Mzizima.

Deraya ya meli zile ilipangwa kwa adui mmoja: ganda la manowari nyingine linalokuja kwa mlazo. Ndiyo maana unene mkubwa uko ubavuni, kwenye tureti (vibanda vya chuma vinavyobeba mizinga), na kwenye chumba hicho alichosimulia Norfolk. Sitaha ni nyembamba zaidi. Tarehe 9 Septemba 1943 Wajerumani waliipiga manowari ya Italia iitwayo Roma kwa bomu la kuongozwa kwa redio, Fritz X, lililodondoshwa kutoka ndegeni. Roma ilikuwa mpya, na ilikuwa na deraya nzito ubavuni. Mabomu mawili tu, bohari la baruti likalipuka, ikakatika vipande viwili. Huo ni mwaka 1943, kabla hata Missouri haijaanza kazi.

Pili ni chini. Topido la kisasa haligongi ubavu. Linalipuka chini ya mkuku, maji yanainua meli katikati kisha yanaiacha hewani, uti wa mgongo unavunjika kwa uzito wake wenyewe. Unene wa ubavu hausaidii kitu.

Tatu, ambalo watu hulisahau: rada, antena na vyombo vya kuongozea silaha haviwezi kuvishwa deraya. Viko juu, wazi. Ukivipiga hivyo, meli bado inaelea vizuri kabisa, lakini ni kipofu. Yamato ya Japani ilikuwa nzito kuliko Iowa na mizinga yake ilikuwa ya sentimita 46, na ndege zikaimaliza tarehe 7 Aprili 1945.

#8 Luteka
Mwalimu, nakubali la topido. La kombora sikubali lote. Makombora mengi ya kupiga meli yanakuja chini chini juu ya maji na yanagonga ubavu. Yalitengenezwa kupasua meli za chuma chembamba. Moskva ya Urusi ilizama Aprili 2022 kwa makombora ya Neptune ya Ukraine, ilikuwa na tani 12,000 na ushei, haina deraya ya maana. Usilinganishe na tani 57,000.

#9 Mwalimu wa Fizikia
Yanagonga ubavu kwa sababu ubavu wa leo ni mwembamba. Siku ukileta meli ya deraya, kompyuta ya kombora inabadilishwa lipande juu kisha lishuke kwa kichwa. Ni kazi ya programu, haihitaji kombora jipya. Na mengine tayari yanafanya hivyo.

#10 dadake_nahodha
Hamjambo, nawasoma kutoka Mombasa. Naongeza la Silkworm, naona halijatajwa. Tarehe 25 Februari 1991 Iraq iliirushia Missouri makombora ya Silkworm. Moja lilianguka baharini, jingine likatunguliwa na HMS Gloucester ya Uingereza kwa kombora la Sea Dart. Yaani bibi mkubwa aliokolewa na mjukuu wake mwembamba. Siku hiyohiyo Missouri ilirusha vipande vya karatasi ya metali angani ili kulichanganya kombora, mzinga wa kujilinda wa manowari nyingine ya Marekani, Jarrett, ukadhani vile vipande ndio adui, ukavimiminia risasi, baadhi zikampata Missouri mwenyewe.

Ninachosema: hata ikiwa na chuma chote hicho, haikutegemea chuma. Ilitegemea wenzake.

Na mkitaka mfano wa meli kuukuu kupelekwa vita vipya, mtazameni General Belgrano wa Argentina. Ilikuwa meli ya Marekani, ikaitwa Phoenix, ikanusurika shambulio la Wajapani pale Pearl Harbor mwaka 1941. Mei 1982 nyambizi ya Uingereza ikaipiga topido mbili. Watu 323 walifariki. Hao ni vijana, wengine walikuwa kwenye mafunzo ya jeshi ya lazima. Mimi nikisoma "tuifufue tu ikapigane" namfikiria mama wa mmoja wao.

#11 Kibatari
Dada, umetuliza jukwaa.

Ila mie nina swali jepesi. Ni kweli mizinga yote tisa ikipigwa kwa pamoja meli inasukumwa kando mita kadhaa? Nimeona picha, maji yamechafuka povu ubavu mzima.

#12 Mwalimu wa Fizikia
Si kweli, ingawa picha inadanganya macho. Lile povu ni mgandamizo wa hewa unaotoka mdomoni mwa mizinga unaopiga maji. Chukua uzito wa maganda tisa, zidisha kwa mwendo wao, gawanya kwa tani 57,000, utaona meli inapata msukumo mdogo mno, na maji yanauzuia papo hapo. Inatikisika, haisogei.

Lakini mgandamizo ule si mchezo. Miaka ya 1980 walitaka kufunga makombora ya kujikinga na ndege ya Sea Sparrow. Wakagundua hayatahimili kishindo cha mizinga ya meli yenyewe. Wakayaacha. Mzizima, ndiyo jibu mojawapo la "weka mitambo mipya": mizinga inagombana na mitambo.

#13 Nanga Juu
Wakuu, mimi ni fundi mashine wa meli, nimestaafu. Mnaongea chuma na makombora, hakuna aliyeshuka chumba cha mashine. Acheni niwashushe.

Zile meli zinakwenda kwa mvuke. Boila nane, turbini nne, nguvu farasi 212,000. Ndizo zilizowapa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 33, na New Jersey iliwahi kupita noti 35 kwenye majaribio ya 1968. Mvuke wenyewe una joto la nyuzi 450 na kitu, mgandamizo zaidi ya angahewa 40.

Nimefanya kazi miaka 11 kwenye meli za kubeba gesi zilizokuwa bado za mvuke. Mvuke wa moto namna ile ukivuja, hauuoni. Ule moshi mweupe wa birika la chai ni mvuke uliopoa. Huu wa boila ni hewa tupu machoni, unasikia mluzi tu. Mkubwa wangu wa kwanza alinifundisha nishike mpini wa ufagio mbele yangu, nitembee taratibu nikiupepea juu na chini kando ya bomba. Siku moja, karibu na vali ya pampu, kichwa cha ufagio kilikatika kikaanguka miguuni pangu, mpini nikabaki nao mkononi. Ule ungekuwa mkono wangu au shingo. Nilikaa chini nikanywa maji, sikuweza kusema kwa muda.

Sasa elimu hiyo anayo nani leo? Haimo vitabuni yote. Ni ya mkono kwa mkono. Meli za mvuke zinaisha duniani, hata zile za gesi zinageuzwa. Waliorudisha New Jersey mwaka 1982 walikuwa na bahati: wazee walioziendesha Vietnam na hata Korea bado walikuwa hai, wakaitwa wakafundisha vijana. Leo waliokuwa vijana wa 1982 ndio wazee wenyewe.

Na vipuri. Kampuni moja niliyofanyia kazi, siitaji, ilikataa kununua vipuri vya boila kwa sababu mtengenezaji alishafunga karakana. Tukawa tunavua vya meli iliyolazwa kuvitia inayotembea. Mwisho zote mbili zikalala.

#14 Mzizima_86
Mzee Nanga, shikamoo. Hii ya ufagio sitaisahau. Lakini umenipa njia: mvuke utolewe wote. Wekeni mashine za gesi kama za Arleigh Burke, au hata nyuklia kama za meli za kubeba ndege. Tatizo liko wapi?

#15 Nanga Juu
Marahaba mwanangu. Tatizo ni jinsi ya kuzitoa na kuziingiza. Boila zile ziliwekwa kwanza, kisha deraya ikafunikwa juu yake. Kuzitoa lazima ukate sitaha ya chuma ambayo ilipangwa isikatike. Ukishakata umeharibu lile ulilokuwa unalipenda. Kisha mashine za gesi zinataka mabomba makubwa sana ya hewa na moshi, yapite katikati ya kila kitu. Gia nazo mpya, mihimili ipangwe upya.

Angalia tu kazi ndogo. Mwaka 2024 New Jersey ilivutwa kutoka Camden mpaka chelezo cha Philadelphia, palepale ilipojengwa. Kusafisha tumbo, kupaka rangi, kubadilisha vipande vya zinki vinavyozuia kutu, kuziba matundu. Ilikuwa haijapanda chelezoni kwa zaidi ya miaka 30. Kazi hiyo ya kusugua na kupaka rangi tu ilikula dola milioni 10 hivi, na michango ilitafutwa kwa jasho.

#16 Hesabu Hazidanganyi
Nakazia #15. Na baruti nayo. Mnasahau tarehe 19 Aprili 1989. Tureti namba mbili ya Iowa ililipuka, mabaharia 47 wakafa. Mifuko ya baruti iliyokuwa inatumika ilikuwa imetengenezwa miongo mingi nyuma. Jeshi kwanza likamtupia lawama baharia mmoja aliyekufa mlemle. Mwaka 1991 mkuu wa jeshi la majini akaomba radhi familia yake kwa sababu ushahidi haukuwapo. Mpaka leo watu wanabishana chanzo ni nini, wengine wakisema mifuko ilisukumwa ndani kwa kasi kupita kiasi.

Na kabla ya hapo, Lebanon, Februari 1984: New Jersey ilifyatua karibu maganda 300 kwa siku moja, mengi yakaenda kando ya shabaha. Baruti ilikuwa imechanganywa upya kutoka mafungu tofauti, kila mfuko una tabia yake. Chini ya maganda yale kulikuwa na vijiji, Luteka. Mzinga haudanganywi na mitambo, ni kweli, ila unadanganywa na baruti mbovu.

Leo hakuna kiwanda kinachomwaga mitutu ya milimita 406. Ya akiba mingi imekatwa au imegawiwa makumbusho.

#17 Luteka
Nimekubali la Lebanon, na silitetei. Waliokufa pale wana haki ya kutajwa.

Lakini nakataa kwamba baruti, boila na watu ndivyo vilivyozitoa kazini. Hayo yote yalikuwapo mwaka 1982 na bado zilirudi, kwa sababu palikuwa na utashi: John Lehman, waziri wa jeshi la majini, alitaka meli 600, na Wasovieti walikuwapo wa kushindana nao. Wasovieti wakaanguka, pesa zikakatwa, Missouri ikafungwa Machi 1992. Ni siasa. Hata baada ya hapo Bunge la Marekani lililazimisha mbili zibaki kwenye daftari, na ziliondolewa kabisa mwaka 2006 tu. Hadi leo nadhani zikihitajika kisheria zinaitwa.

#18 Mswahili wa Norfolk
Luteka, hapo rekebisha kidogo. Masharti yalikuwapo wakati Iowa na Wisconsin zinakabidhiwa, kwamba zitunzwe zisiharibiwe. Ila hazipo tena kwenye akiba ya jeshi. Wisconsin ni ya mji wa Norfolk sasa. Nakuja pale na tiketi kama niendapo bustani ya wanyama.

#19 Muscat_Mtoni
Assalaam alaykum. Nasoma kutoka Oman. Mnaongea kama vita ndiyo kazi pekee ya manowari. Ami yangu alikuwa baharia wa meli ya mafuta mwaka 1987, vita vya Iran na Iraq vikipiga hadi meli za watu wasiohusika. Missouri mwaka huo ilikuwa huku katika kusindikiza misafara ya mlango wa bahari wa Hormuz. Ami hakuwahi kujua kama aliyoiona kwa mbali ilikuwa ndiyo Missouri au nyingine, lakini anasema walipoona manowari kubwa imekaa upeoni, watu walilala. Kabla ya hapo walikuwa wanalala sitahani na jaketi za kujiokolea shingoni, hawataki kushuka chini.

Je, thamani ya hilo mnaihesabu vipi? Boti mia haziwezi kumpa mtu usingizi ule.

#20 Hesabu Hazidanganyi
Hilo siwezi kulihesabu, nakubali. Lakini meli ya kubeba ndege nayo inalaza watu.

#21 Mti Mkavu
Jamani mie seremala wa Muheza, sijui makombora. Kuna aliyesema sitaha. Ni kweli juu ya chuma wameweka mbao za mtiki? Nimeona picha za Missouri pale Wajapani waliposaini kusalimu amri mwaka 1945, chini ni mbao.

#22 Mswahili wa Norfolk
Ni mtiki, mkuu. Umepauka rangi ya majivu kwa jua, lakini penye kiraka kipya unaona ile dhahabu yake. Katikati ya ubao na ubao wamejaza kalafati nyeusi, kama jahazi. Nilichuchumaa nikagusa, harufu yake ikanirudisha nyumbani.

#23 Mti Mkavu
Mtiki una mafuta yake ya asili, ndiyo maana unahimili chumvi. Huku kwetu Longuza tunayo mashamba. Lakini ukiona sitaha ya mbao imetanda juu ya chuma, jua hatari iko katikati: maji yakipenya kwenye mshono mmoja yanakaa, chuma kinaoza huku juu mbao ni nzima. Kuna boti ya mtu niliwahi kuitwa kuitengeneza, nilipong'oa ubao wa kwanza bisibisi ikazama kwenye chuma kama kwenye mkate. Wakitaka kuzifufua waanze kwa kung'oa mbao zote wakague. Hiyo peke yake ni miaka.

#24 Kigoma Mwisho wa Reli
Ninyi mnatafuta mbali. Manowari iliyofufuliwa tunayo sisi: Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina Graf von Goetzen, wakaileta kwa vipande, ikaunganishwa Kigoma, ikaingia Ziwa Tanganyika 1915. Juu yake walifunga mzinga wa sentimita 10.5 wa manowari yao Königsberg, ile iliyouawa delta ya Rufiji Julai 1915.

Mwaka 1916 walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe. Lakini wahandisi walipaka grisi nzito kwenye mashine kabla ya kuizamisha. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka ya 1970 ikatolewa mvuke ikawekwa dizeli. Nimepanda mwenyewe hadi Kasanga, nimelala juu ya magunia ya dagaa nikiwa na miaka tisa. Zaidi ya miaka mia!

#25 Mzizima_86
Kigoma umeniokoa! Mvuke ulitolewa, dizeli ikaingia, na meli ikapiga kazi. Mzee Nanga unasemaje?

#26 Nanga Juu
Liemba haina deraya, mwanangu. Unakata bati, unapitisha mashine, unachomelea. Na kazi yake mpya ilikuwa kubeba watu na dagaa, siyo kushindana na manowari za leo. Lakini hiyo ya grisi imenigusa. Yule aliyepaka grisi alijua ipo siku mtu atazihitaji mashine zile, hata kama ni adui yake. Ndiyo swali la kuuliza kuhusu hizi nne: wakati wa kuzifunga, nani alipaka grisi?

#27 dadake_nahodha
Mzinga mwingine wa Königsberg uko hapa Fort Jesus, pamoja na wa Pegasus, manowari ya Uingereza iliyozamishwa na Königsberg hiyohiyo pale Unguja Septemba 1914. Imelazwa jirani jirani. Watoto wanapanda juu kupigwa picha.

#28 Luteka
Hata Königsberg yenyewe ilijificha Rufiji kwa ajili ya mitambo, vipande vikavutwa na watu nchi kavu mpaka Dar kutengenezwa. Kwa hiyo mzee Nanga ana pointi kubwa kuliko nilivyotaka kukiri.

Ila tazameni Urusi: manowari yao Admiral Nakhimov ilikaa bila kazi tangu miaka ya 1990 mwishoni, wakaifumua, wakaijaza makombora mapya, na mwaka 2025 ikaingia baharini kwa majaribio. Tani zaidi ya 24,000, tena ya nyuklia. Haiwezekani ni neno kubwa.

#29 Hesabu Hazidanganyi
Nakhimov ilizinduliwa miaka ya 1980, siyo ya 1940. Na ukarabati umekula zaidi ya miaka kumi. Hata Trump alipotangaza Desemba 2025 kwamba anataka manowari kubwa tena, alitangaza mpya za kujengwa kuanzia mwanzo. Hakusema atazifufua hizi nne.

#30 Mzizima_86
Kwa sababu zinalipa kampuni za kujenga. Mimi bado sijashawishika. La topido mmenipata, la boila mmenipata, la siasa bado naona Luteka yuko sawa.

#31 Mswahili wa Norfolk
Wakuu, Jumamosi naenda tena Wisconsin. Kuna mzee mmoja wa kujitolea anayetembeza wageni, aliwahi kufanya kazi melini miaka hiyo. Nitamuuliza la mzee Nanga: walipofunga mashine 1991, walizifungaje. Mwingine ana swali?

#32 Mti Mkavu
Mwambie akuonyeshe ubao mmoja uliong'olewa, uangalie upande wa chini. Uniletee picha ya chini, siyo ya juu.